Vichupa Sita vya 4F9

Hilux nyeupe ya kumi na tisa ilipita.

Abner Swartbooi aliinua darubini. Mwanamke mnene na kondoo watatu nyuma. Akaishusha.

Si yeye.

Ya ishirini ilikuwa na mchungaji wa kanisa. Ya ishirini na moja ilimpigia honi, dereva akampungia mkono kama ndugu, na kweli alikuwa ndugu, binamu yake wa Kamieskroon. Jasusi aliyejificha, anapungiwa mkono na binamu!

Tangu saa mbili na nusu asubuhi alikuwa ameegesha gari la Idara ya Ujasusi kando ya barabara kuu ya N7, nje kidogo ya Garies. Kipozahewa kilikufa mwaka jana. Kifaa cha kufuatilia magari alichopewa hakikuwa na betri. Bastola yake, Vektor Z88, ilikuwa na risasi kumi na tano, na hakuna hata moja ambayo ingemwambia Hilux ipi ndiyo.

Agizo lilikuwa limeingia alfajiri kwa mafumbo ya Idara: *Panya katoka na kapu. Anapanda kaskazini. Hilux nyeupe. Macho, si mkono.*

Maana yake: mwizi katoroka na mzigo; mtazame, usimguse.

Katika Namaqualand yote, mtu asiye na Hilux nyeupe ama hajazaliwa ama ameshazikwa.

Abner alipiga simu Cape Town. Mkuu wake, Lungelo Mpafa, alipokea huku akitafuna.

"Mkuu, nipe namba ya gari."

"Mtandao wa namba za magari umelala, Swartbooi."

"Umelala tangu lini?"

"Jumatano."

"Leo Ijumaa!"

"Jaza fomu ya malalamiko. Na hiyo ya petroli ya mwezi uliopita hujaileta."

Simu ikakatwa. Abner aliitazama kwa muda, akajizuia asiitupe dirishani. Ilikuwa ya kwake, si ya Idara.

Kilichomchoma zaidi hakikuwa Mpafa. Huko Cape Town, wodi ya tano, dada yake Betta alikuwa amekaa kitandani na karatasi ya ridhaa mapajani. Madaktari walikuwa wamemkata kinyama kidogo ndani ya utumbo mpana. Jumatatu kingepimwa kwa 4F9, kipimo cha maabara ya hospitali. Kama seli zake zilikuwa nzima, angerudi nyumbani Kommaggas na utumbo wake. Kama zilikuwa zimeanza kuharibika, ungeondolewa wote, maisha yake yote akiwa na mfuko wa choo ubavuni. Mama yao alikufa kwa ugonjwa huo. Wajomba wawili pia.

Sasa 4F9 ilikuwa imeibwa, na madaktari walikuwa wamemwambia Betta kwamba bila kipimo hawawezi kubahatisha. Wangekata. Orodha ya upasuaji wa Jumatatu ilifungwa saa tisa alasiri ya leo. Asaini kabla ya hapo.

Mpafa hakujua kuhusu Betta. Abner hakumwambia. Angemwambia, angeondolewa kwenye kazi, na kati ya Cape Town na mpaka wa Namibia hapakuwa na jasusi mwingine.

Akapiga namba ya maabara.

"Anti Sybil? Ni Abner. Kaka yake Betta."

"Najua wewe ni nani. Miaka ishirini natazama matumbo ya kina Swartbooi, nisiwajue?"

Sybil Adonis alikuwa fundi wa maabara. Miaka kumi na moja iliyopita alichukua seli kutoka bandama ya panya, akaiunganisha na seli ya saratani isiyojua kufa. Kiumbe kilichopatikana kilikutwa kwenye sahani ya nne, safu ya F, kishimo cha tisa, na hilo ndilo likawa jina lake. Kazi yake ilikuwa moja: kutengeneza kingamwili ya aina moja tu, leo, kesho na keshokutwa, inayonata kwenye seli za utumbo mpana zinazoelekea kuharibika na kuziacha zilizo nzima. Ukipaka rangi, mbaya zinageuka kahawia. Hakuna maabara nyingine yenye kitu hicho.

"Ametubakishia nini, Anti?"

"Sahani chafu na kalenda." Kitu kiligongwa mezani. "Kingamwili yote iliyokuwa kwenye friji kaimwaga sinki. Seli zilizokuwa zinakua kazitia jiki. Zilizogandishwa, vichupa sita, kaondoka navyo. Ruan Terblanche! Mtoto niliyemfundisha kushika pipeti! Nimemlisha biriani mimi!"

"Kaziweka kwenye mtungi gani wa kugandishia?"

"Subiri." Abner alisikia viatu vikiburuzwa, mlango, viatu vikirudi. "Abner. Kachukua ule mkongwe wa kijani."

"Una nini?"

"Shingo yake imechoka! Niliuweka mlangoni upelekwe jalalani. Naitrojeni, ile baridi yenyewe, inavuja. Hauwezi kushika baridi zaidi ya saa nane, na katoka hapa saa kumi na moja alfajiri."

"Kwa hiyo seli zinakufa saa saba mchana."

"Asipojaza, ndiyo. Lakini atajaza. Mwizi wa kawaida akiona barafu shingoni mwa mtungi atasema ah, ni baridi tu, atakanyaga mafuta hadi Namibia. Ruan hawezi. Nilimkaririsha hilo hadi likamwingia kwenye damu: ukiona mtungi unatoka jasho, jaza kwanza, mengine baadaye. Atasimama hata kama polisi wako nyuma yake. Swali ni wapi. Huko kwenu kuna mawe tu."

Abner alishaanza kuwasha gari.

"Anti, huku kwetu kuna mafahali."

---

Duka la ushirika wa wafugaji, Springbok. Saa tano kasoro.

Mjomba Giel Brand alikuwa nyuma ya kaunta anakula andazi lililojazwa nyama ya kusaga. Kwa miaka thelathini alikuwa ametunza mbegu za mafahali wa wilaya nzima kwenye mitungi ya naitrojeni, na aliwajua mafahali hao kwa majina kuliko wapwa zake.

"Abner! Umekonda. Serikali haikulishi?"

"Mjomba, kuna mtu atakuja kujaza naitrojeni."

"Daktari mmoja, ndiyo. Alipiga simu akiwa Bitterfontein. Ana adabu sana. Aliuliza hata usafi wa mpira wa kujazia. Miaka thelathini, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo."

Abner alifunga macho sekunde moja. Hatimaye kitu kimekwenda sawa.

Simu ikalia. Mpafa.

"Swartbooi, usimguse. Tunamtaka mnunuzi. Jina analotumia leo ni Voss. Atapokea mzigo Vioolsdrif, pale mpakani."

"Akipokea, atavuka mto wa mpakani!"

"Atakabidhiwa na kibali halali, kimesainiwa na Terblanche mwenyewe. Kwenye karatasi ni seli za binadamu kwa utafiti. Polisi hawawezi kumgusa bila hati ya mahakama."

"Basi nitafutie hati."

"Hakimu yuko kwenye mashindano ya gofu."

"Mkuu, akivuka mto je?"

"Tutawaandikia Wanamibia barua."

Abner alikata simu yeye safari hii. Alipiga ngumi kwenye gunia la chumvi ya mifugo, gunia likapasuka, Mjomba Giel akasema hilo utalilipa.

"Mjomba, wateja wanaingia chumba cha mitungi?"

"Kamwe. Naitrojeni ikizidi chumbani inakata pumzi. Mteja anangoja hapa, anakunywa kahawa."

"Nipe mtungi mzima wa akiba. Na nipe mbegu za fahali mmoja."

Mjomba Giel aliweka andazi chini. "Fahali yupi?"

"Yeyote."

"Hakuna yeyote! Kila mmoja ana mwenyewe!" Alikuna kidevu, na huzuni ya kweli ikamwingia usoni. "Labda Generaal. Mwenyewe kahamia Upington hataki kuzichukua. Lakini Generaal, Abner! Ng'ombe wa Bonsmara wa namna ile hazaliwi tena. Kafa mwaka juzi kwa kula plastiki."

"Anakwenda kuitumikia nchi."

"Hapo mpakani hatafika mbali. Bi. Moilwa wa mifugo anafungua kila mtungi. Mimi alinizuia siku mbili, na kwenye ubatizo wa mwanawe nilikuwa nimekaa meza moja naye."

Abner alimtazama.

"Kila mtungi?"

"Kila mtungi. Tangu homa ya miguu na midomo, angefungua hata jeneza."

Nje, tairi zilisaga kokoto. Hilux nyeupe. Mtu mwembamba mwenye miwani alishuka taratibu, akazunguka upande wa abiria, akafungua mkanda wa kiti. Mtungi wa kijani ulikuwa umefungwa mkanda kama mtoto.

Abner aliingia chumba cha nyuma.

Aliisikia sauti ya Terblanche kupitia mlango. "Samahani, Mjomba. Tafadhali usiuinamishe. Na usiinue kikapu cha ndani, joto la shingoni linaua."

"Kaa unywe kahawa, Daktari."

Mjomba Giel aliingia na mtungi, akaufunga mlango kwa kisigino. Abner alikuwa ameshavaa glavu za ngozi zilizofika viwikoni, simu sikioni.

"Anti, niko mbele ya mtungi."

"Sikiliza vizuri. Unavuta kikapu juu, unatoa fimbo yenye vichupa, unaingiza kwenye mtungi wa pili. Sekunde kumi. Zikipita, umeniulia mtoto."

"Na akichungulia baadaye, akaona mirija ya mbegu badala ya vichupa?"

"Hatachungulia. Hajakuambia mwenyewe? Kuinua ni kuua. Atatumbukiza kijiti kupima kina cha naitrojeni, basi. Mjinga huyo ni mwanafunzi wangu bora."

Abner alivuta pumzi. Akainua kikapu.

Moshi mweupe ulimwagika mikononi mwake. Fimbo ilikuwa imenasa.

Moja. Mbili. Tatu.

Akazungusha. Haikutoka. Miaka kumi na miwili ya mafunzo ya kufungua makufuli, kuruka kuta, kulenga usiku, na sasa fimbo ya bati iliyo nyembamba kuliko kalamu ilikuwa inamkatalia!

Sita. Saba.

"Irudishe chini!" Mjomba Giel alinong'ona. "Ipoe kwanza!"

Akairudisha. Jasho lilimwingia machoni. Akahesabu dakika nzima, na ilikuwa ndefu kuliko asubuhi yote ya Garies. Akainua tena. Mjomba Giel akapenyeza koleo yake ya mirija, akageuza kidogo kushoto.

Fimbo ikatoka.

Vichupa sita. Kila kimoja kikiwa na mwandiko wa Anti Sybil: *4F9*.

Nne. Tano. Vikazama kwenye mtungi wa akiba.

Generaal akaingia kwenye mtungi wa kijani, mirija hamsini ya buluu.

"Zimeingia, Anti."

Upande wa pili Anti Sybil alikuwa anapenga kamasi.

Kwenye kaunta, Terblanche alitumbukiza kijiti chake, akakipunga hewani, akasoma mstari wa barafu. Sentimita kumi na nne. Akatabasamu kwa mara ya kwanza, akalipa, akashukuru mara mbili.

Hakuinua kikapu.

---

Vioolsdrif. Saa nane na robo. Joto nyuzi arobaini na moja.

Makabidhiano yalichukua dakika nne, kwenye kituo cha mafuta kilicho mbele ya ofisi za mpaka. Voss alikuwa mrefu, shati la kitani, Land Cruiser ya kijivu yenye simu ya setilaiti ya Thuraya kwenye dashibodi. Alipokea mtungi, akapokea kibali, akampa Terblanche bahasha bila kumshika mkono. Kisha akaendesha mita mia mbili hadi kwenye kizuizi.

Abner alitazama kwa darubini kutoka kwenye gari lake, kando ya ofisi za mpaka. Macho, si mkono.

Bi. Keamogetse Moilwa, inspekta wa mifugo, alitoka na daftari. Mwanamke mfupi, kofia kubwa, kalamu mbili kifuani. Hakuonekana mwenye haraka ya kitu chochote duniani.

"Ndani ya mtungi kuna nini, Bwana?"

"Seli za binadamu. Kibali hiki hapa." Voss aliongea kwa upole wa mtu aliyezoea kupishwa.

"Fungua."

"Mama, hizi ni nyeti sana. Zitaharibika."

"Mimi si mama yako. Fungua."

Voss alicheka kidogo, akatazama saa, akafungua. Bi. Moilwa akavaa glavu, akainua kikapu, akachomoa mrija mmoja wa buluu kwa koleo. Akauleta karibu na pua. Akasoma polepole.

"Generaal. Bonsmara." Akaushusha. "Huyu ni binadamu wa wapi?"

Rangi ilimtoka Voss.

"Hapana. Kuna makosa. Nimebadilishiwa!"

"Karatasi inasema binadamu. Mrija unasema ng'ombe. Kutoa mbegu za ng'ombe nchini bila cheti cha mifugo, na tamko la uongo. Toa ufunguo wa gari."

"Unajua mimi ni nani?"

"Nitajua sasa hivi. Pasipoti."

Askari wawili wa mpakani walisogea. Voss aliingiza mkono chini ya kiti, akatoa pasipoti. Ikaanguka. Ikaanguka na ya pili, na ya tatu, rangi tofauti, majina tofauti, sura moja.

Bi. Moilwa aliziokota moja moja. Akafungua ukurasa mpya wa daftari.

Hakimu alikuwa bado anacheza gofu.

Kwenye kituo cha mafuta, Terblanche aliyaona yote. Alirukia Hilux yake, akawasha injini, akaweka gia ya nyuma.

"Zima, Daktari."

Abner alikuwa ameshafika pale kwa miguu, amekaa kiti cha abiria. Vektor ilikuwa mapajani, imetazama upande wa pili kwa heshima.

Terblanche alizima. Swali la kwanza lililomtoka halikuwa kuhusu bastola.

"Ziko wapi? Ziko wima?"

"Ziko wima."

"Mtungi umejaa? Ulivaa glavu?"

"Usinifundishe kazi, mwizi wewe!"

"Miaka tisa!" Terblanche alipiga usukani. "Miaka tisa naandika maombi ya fedha, narudishiwa. Umeme unakatika, jenereta mbovu, namwomba kila mtu, nacheka na kila mtu. Kule ng'ambo zingetunzwa!"

Abner alimwelewa, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi. Siku nzima alikuwa amebishana na simu ile ile, fomu zile zile.

"Ungeacha kichupa kimoja," alisema.

"Voss alitaka zote. Alitaka pasibaki na mwingine mwenye nazo."

"Kuna mgonjwa wa Jumatatu. Wodi ya tano."

Terblanche aligeuka, akamtazama Abner usoni vizuri, paji la uso, mashavu, na akaona kitu alichokifahamu.

"Swartbooi," alisema taratibu. "Niliona jina kwenye orodha."

"Uliliona kabla ya kumwaga sinki, au baada?"

Terblanche aliondoa miwani. Abner alimfunga pingu kwenye usukani kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akashuka, kwa sababu angebaki mle ndani dakika moja zaidi angefanya jambo la kujazia fomu nyingi.

Saa nane na dakika hamsini na moja.

Simu yake haikuwa na mtandao. Aliinyanyua juu, akazunguka pampu, akapanda juu ya tofali. Kitu hakuna. Alikimbia hadi ofisi ya mifugo.

"Bi. Moilwa, naomba simu ya mezani."

"Ni ya serikali."

"Hata mimi."

Alimtazama, akaisukuma.

Wodi ya tano ilipokea baada ya mlio wa kumi na tano. Muuguzi akasema subiri. Muziki. Muuguzi mwingine akasema nani? Muziki tena. Abner aliuma ngumi.

"Halo?"

"Betta! Usisaini. Nimezipata. Anti Sybil anasema akizipata atazikuza, wiki mbili tu, watakupima. Usisaini."

"Nimeshasaini, Abner."

Alikaa chini bila kutafuta kiti. Meza ya Bi. Moilwa ilimpokea.

"Lini?"

"Saa nane. Nilikupigia mara sita, hupatikani. Daktari alikuwa amesimama hapa anatazama saa yake. Nikasema potelea mbali." Sauti yake ilikuwa tambarare, sauti ya mtu aliyekwisha kulia. "Nilichoka kungoja, kaka."

"Karatasi iko wapi?"

"Kwenye faili. Mguuni pa kitanda."

"Daktari yuko hapo?"

"Kaenda kwa mwingine."

"Betta, ni utumbo wako. Unaufikia?"

Alisikia kitanda kikilia. Alisikia bati la faili likigonga chuma. Kisha pumzi ya dada yake, karibu kabisa na simu.

Kisha karatasi ikichanika. Mara moja, kwa urefu. Mara ya pili, kwa upana. Aliendelea kuichana muda mrefu, vipande vidogo vidogo, na Abner alikaa mezani akisikiliza hadi kipande cha mwisho.

"Wiki mbili?" Betta aliuliza.

"Wiki mbili."

"Na kama ni mbaya?"

"Basi utasaini ukijua."

"Haya." Akapenga kamasi. "Sasa niache, huyu anarudi, na nina maneno ya kumwambia."

Akakata.

Abner alirudisha simu mahali pake. Alivaa miwani ya jua. Nje, Voss alikuwa anapiga kelele kwa lugha tatu, na askari mmoja alikuwa amesimama mlangoni mwa Hilux akimlinda Terblanche. Redio ya Idara ilikuwa inakoroma kwenye gari, Mpafa akiuliza nani ameruhusu operesheni ya mifugo. Abner alinyoosha mkono dirishani, akaizima.

Bi. Moilwa alikuwa amemfuata na daftari lake. Alichungulia ndani ya gari. Mtungi wa akiba wa Mjomba Giel ulikuwa kiti cha mbele, wima, umefungwa mkanda.

"Na huu? Una ng'ombe gani?"

"Huo hauvuki mpaka. Unarudi Cape Town."

"Sikuuliza unakwenda wapi. Niliuliza una nani."

"Una dada yangu."

Bi. Moilwa alimtazama, akautazama mtungi, akafunga daftari. Akaenda mwenyewe kuinua kizuizi upande wa kusini.

Abner aliwasha gari, akaweka gia ya kwanza, akaondoka polepole ili naitrojeni isitikisike.